Kompyuta si Samaki wa Kukaangwa

Kuna wenzetu hapa Kampala wanaotangaza hostelini kwamba dawa ya joto la kompyuta ya mezani ni kuizamisha, ubao mama na yote yaliyomo, ndani ya tangi la mafuta yasiyopitisha umeme. Eti feni ziondoke, kelele ziishe, na vumbi jekundu la kiangazi lisipate pa kuingilia. Mimi napinga.

Sisemi haiwezekani. Cray-2, kompyuta kubwa iliyotolewa Marekani mwaka 1985, ilifanya kazi ikiwa imezama katika kimiminika cha namna hiyo. Lakini kimiminika kile kilizungushwa kwa pampu na kupozwa kwa maji baridi, na hapo ndipo wenzetu wanaporuka hoja. Mafuta hayamezi joto yakalimaliza, hulibeba tu. Ukiwasha asubuhi utasifu, kwa sababu mafuta mengi huchelewa kupata moto. Kufikia jioni yamekwisha kupata, na yasipopitishwa kwenye rejeta yenye feni (naam, feni ileile tuliyoifukuza!) yatazidi kupanda joto. Tumepata faida gani?

Tena mafuta hupanda ndani ya nyaya kama kwenye utambi wa taa, yakadondokea mezani. Plastiki ya nyaya hukakamaa. Diski ya kuzunguka ina kitundu cha kupitishia hewa, mafuta yakipenya humo imekufa. Ya kupikia ndiyo usiseme, huchacha yakanuka.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: kompyuta zetu nyingi ni za mtumba, na hazikomei kwetu. Ukihitimu unamwachia mdogo wako, au unauza kipuri kimoja kimoja upate nauli ya kwenda kutafuta kazi. Nani atanunua RAM inayoteleza mkononi? Fundi gani ataipokea?

Na mafuta yenyewe yatatoka wapi? Asiye na fedha za kujaza tangi ataelekezwa kwa wauzaji wa mafuta ya transfoma, yale yanayoibwa usiku mtaa mzima ukabaki gizani. Ya transfoma kuukuu huenda yana PCB, kemikali yenye sumu, nawe utayatumbukiza mikono.

Brashi laini na feni nzima vinatosha. Anayebisha alete tangi lake, nami nilete yangu niliyoipangusa vumbi. Tuziwashe asubuhi, tuzipime joto saa kumi na mbili jioni, mbele ya wahadhiri.