Ujira wa Mwandishi Utajwe Mapema

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie riziki ya waandishi wasioajiriwa, ambao hutuma makala na hadithi kutoka mahali pa mbali kama huku kwetu Igawa, wakangoja miezi pasipo jawabu, na pengine wakaja kuona kazi yao imekwisha chapwa ilhali ujira haukutajwa kamwe. Mkulima wa mpunga wa huku Mbarali, hata akidhulumiwa kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, huijua bei kabla gunia halijapakiwa. Mwandishi naye astahili walau kadiri hiyo ya insafu.

Sidai kwamba kalamu peke yake itamlisha kila mtu. Marehemu Shaaban Robert, ambaye kwa rai yangu hatujapata mwandishi wa kumpita, alianza ukarani wa serikali mwaka 1926 akaishi kwa mshahara huo miaka mingi. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023, yastahili shukrani; lakini washindi ni wachache, na magazeti huhitaji maandishi daima.

Kwa hiyo nakusihi, Mhariri, utangaze katika gazeti lako kiasi unacholipa kwa makala, muda wa kumjibu mwandishi, na siku ya malipo, ili kijana wa huku apate kukata shauri, kabla ya kuandika, kama ataweza kungoja.

Wako mtiifu,
Msomaji, Igawa, Mbeya