Hongo Si Kibali, Mpendwa



Kuna ushuhuda tumeuzoea makanisani, na leo nataka tuuzungumzie bila kuogopana. Mtu anarudi kutoka Arusha, anashika maikrofoni, anasema: "Trafiki alinisimamisha, nikampa kitu kidogo, akaniachilia. Mungu alinipa kibali!" Nasi tunapiga makofi.

Mpendwa, hicho si kibali. Hiyo ni hongo, na tusimtwike Mungu kazi ambayo hakuifanya.

Ukivuka mpaka pale Namanga, Holili au Horohoro, uko chini ya sheria ya wenyewe. Barabara kuu ikipita kijijini utaona kibao cha 50, na mbele kidogo yuko askari wa nguo nyeupe na kifaa cha kupima mwendo. Hajui kwamba umechelewa harusi au mkutano wa injili. Mpaka uone kibao cha kumaliza ile 50, endesha 50, hata kama nyumba zimeisha na barabara iko wazi. Kile kibao kiliwekwa kwa ajili ya mtoto anayevuka kwenda shule.

Ukikosea, faini ya makosa mengi ya kawaida ni shilingi 30,000 za Tanzania kwa kila kosa. Unaandikiwa, unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa benki au kwa wakala wa pesa za simu. Si pesa ya kumshikisha askari mkononi.

Jaribu linakuja hapo. Huna laini ya Tanzania, jua linazama, watoto wamechoka garini. Sauti inakuambia, "Mpe 10,000 mambo yaishe." Basi hapo ndipo wokovu wako unapimwa, si Jumapili ukiwa umeinua mikono.

Utaniuliza, "Mchungaji, 20,000 niliyookoa inamdhuru nani?" Inamdhuru anayekuja nyuma yako. Umemfundisha yule askari kwamba gari la namba za Kenya lina pesa. Kesho atasimamishwa kijana wa kanisa letu ambaye hana kosa lolote, aombwe pesa uliyoizoesha wewe. Soma Kutoka 23:8 uone rushwa inavyomfanya mtu mwenye macho mazima. Tena kwa sheria ya Kenya na ya Tanzania, anayetoa na anayepokea wote wana hatia.

Angalia Bwana wetu katika Mathayo 17. Alipodaiwa kodi ya hekalu, alimweleza Petro kwamba kwa haki hakupaswa kuilipa. Hata hivyo alilipa, ili asiwakwaze watu. Kama Mwana wa Mungu alilipa asichodaiwa, mimi na wewe tunaona aibu gani kulipa tunachodaiwa kweli?

Lakini kunyenyekea si kuonewa. Katika Matendo 16, Paulo alipigwa na kufungwa bila kuhukumiwa. Walipotaka kumtoa kimyakimya alikataa, akadai wakubwa waje wenyewe. Nawe ukisingiziwa, omba kwa adabu uonyeshwe kipimo cha mwendo. Ukiona hukukosa, sema hukubali kosa na uko tayari kwenda mahakamani. Ukiombwa hongo, TAKUKURU wana namba ya bure, 113.

Na mpendwa, salimia kwanza. Wenzetu wa Tanzania salamu hutangulia hoja. "Habari za kazi, afande?" haikupunguzii kitu. Kabla ya safari hakikisha leseni, bima inayokubalika huko, pembetatu za kuakisi mwanga na kizimamoto viko sawa. Tenga pia pesa ya faini kwenye bajeti ya safari, maana mwenye akiba hajaribiwi kirahisi.

Wewe unayenisoma ukiwa Marekani, neno ni lile lile, taratibu ndizo tofauti. Polisi akikusimamisha, baki garini, mikono juu ya usukani ionekane. Ile karatasi utakayopewa usiitupe. Ilipe, au uipinge kortini kabla ya siku iliyoandikwa, maana ukiipuuza leseni yako inaweza kusimamishwa. Nawe uliye Dubai, kamera haipokei chai. Faini inakungoja siku ya kufufua usajili wa gari.

Nataka tuanze kusikia ushuhuda mpya madhabahuni: "Nilikosea, nikalipa 30,000, nikapata risiti, nikaendelea na safari nikiwa na amani." Huo nitaupigia makofi mimi wa kwanza.

Tuombe: Bwana, mlinde kila mmoja aliye barabarani ugenini. Mpe mguu mwepesi kwenye mafuta, ulimi wa adabu na mkono usiotoa hongo. Katika jina la Yesu.

Kama unasafiri mwezi huu, andika Amina, kisha umtumie dereva wako ujumbe huu.