Ganzi mpya kwenye mkono wa zamani si ya kuchezea

SEGERA ni njia panda. Mabasi ya Dar es Salaam, Tanga na Arusha yote yanapita pale, na bodaboda zinagombea abiria kutwa. Jioni vijana hao hao wa bodaboda ndio mabeki na mastraika wa timu za mchangani. Ndiyo maana ajali ya pikipiki haiishii barabarani, inagusa hadi kikosi cha Jumapili.

Lipo jeraha moja ambalo wengi hawalipi uzito. Dereva anaangukia bega, kichwa kinavutwa upande wa pili, na mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi inavutika au kukatika kabisa. Kipa akitua vibaya kwa bega naye anaweza kuonja kidogo: kama umeme unashuka mkononi, halafu unapotea baada ya sekunde au dakika chache.

Kwa aliyeumia sana, shughuli inaanza baadaye. Mkono unapata nafuu nusu, mchezaji anazoea, kocha naye anazoea. Ganzi mpya ikija, jibu ni lile lile: "Si ndio mkono wake ulivyo." Hapo ndipo mtu anafungwa bao la kizembe.

Mshipa wa fahamu unaoota upya huenda takribani milimita moja kwa siku. Kutoka shingoni hadi vidoleni ni kama sentimita 70, yaani karibu miaka miwili, misimu miwili ya ligi. Kwa hiyo michomo inayosogea taratibu kutoka begani kushuka chini inaweza kuwa habari njema.

Lakini zipo dalili za kuogopa. Mkono ule mwingine, ambao haukuumia, ukianza kufa ganzi usiku, huenda umechoka kufanya kazi ya mikono miwili. Mkono uliokuwa umeanza kunyanyuka ukilegea tena, hiyo nayo si kawaida. Ganzi ikishuka miguuni, mwendo ukayumba au mkojo ukagoma, huenda uti wa mgongo umebanwa shingoni. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Muda nao ni mpinzani. Upasuaji wa kuunganisha mishipa hii hufaa zaidi ndani ya miezi sita ya mwanzo. Ukipita mwaka, msuli uliokaa bila mawasiliano unadhoofika, na mshipa hata ukifika hauna wa kumpa pasi.

Kwa Segera, njia zipo. Karibu kuna Magunga pale Korogwe, mbele kuna Bombo Tanga, KCMC Moshi na MOI Dar es Salaam. Kinachokwamisha wengi ni nauli, na siku za kazi zinazopotea. Timu inayochangishana jezi haiwezi kushindwa kuchangia nauli ya kipa wake.

Na wala soka haliishi hapo. Hector Castro wa Uruguay alipoteza mkono kuanzia chini ya kiwiko akiwa na miaka 13, na bado mwaka 1930 alifunga bao la nne fainali ya Kombe la Dunia, Argentina wakilala 4-2. Mkono mmoja haumalizi mchezaji. Kinachommaliza ni kunyamazia dalili mpya ili asikose namba Jumapili.