Mbwa mwenye nguvu anahitaji njia, si fimbo



Juma hili tunazungumza juu ya mbwa. Wengine watasema: minervali ya watoto haijalipwa, unga umepanda bei, na ninyi mnaandika juu ya mbwa? Ndiyo, kwa sababu mbwa anayelindwa vibaya ni jambo la watoto wetu. Mara nyingi anayeumwa si mwenye mbwa. Ni mtoto wa jirani anayepita na bidoni yake akienda kuchota maji.

Katika lupango la dada yetu mmoja wa kikundi kuna mbwa dume anayeitwa Simba. Mwenyewe alihamia mji mwingine, akamwacha. Hapa Goma jambo hili si geni. Wale tuliotoka mjini tarehe 27 Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, tunakumbuka mbwa waliobaki wakibweka nyuma ya milango iliyofungwa. Dada yetu alimhurumia Simba, akaanza kumpa mabaki ya bugali na vichwa vya sambaza. Lakini Simba ni kijana, ana nguvu nyingi, naye alikuwa amefungwa kwa mnyororo mfupi mchana na usiku. Alichimba mashimo, alibweka usiku kucha, na kila aliyeingia alirukiwa. Mzee mmoja wa avenyu akatuambia: "Wamama, huyu mbwa wenu atakula mtoto wa mtu. Mumuondoshe, ao tutamupa sumu."

Hatukumkasirikia. Yeye pia ana wajukuu. Tulimwomba mwezi mmoja, naye akakubali.

Kazi hii tuliyoianza si mpya. Katika mwaka wa 1860, mama mmoja wa London, Mary Tealby, alifungua nyumba ya kupokea mbwa waliopotea na wenye njaa. Watu walimcheka, hata gazeti kubwa la mji lilimcheka. Nyumba hiyo ingali ipo hadi leo, inaitwa Battersea. Katika nyumba za namna hiyo, huko Ulaya na Amerika, kuna watu wanaokuja kwa kujitolea, bila mshahara, kuwatembeza mbwa. Wanafanya hivyo kwa kuwa mbwa mwenye nguvu akikaa amefungwa, nguvu ile haiishi. Inageuka kuwa kelele, hasira na meno. Hapa mtaani kwetu hatuna nyumba kama ile. Tuna lupango, kamba, na wamama sita waliokubali zamu.

Kabla ya kumtoa Simba njiani tulimwita veterineri, tukachanga pesa, akapata sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa. Mtu asitembeze mbwa asiye na chanjo hiyo.

Kisha tulianza. Tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mbele ya wanafunzi na chukudu kujaa njiani. Saa hiyo mawe meusi ya volkano bado ni baridi. Mchana yanachoma nyayo za mbwa. Ukitaka kujua, weka mgongo wa mkono wako juu ya jiwe, hesabu polepole hadi tano. Ukishindwa wewe, naye atashindwa.

Tunakwenda wawili wawili. Mmoja anashika kamba kwa mikono miwili, mwingine anaangalia mbele. Kamba haizungushwi kwenye kifundo cha mkono, maana mbwa akiruka ghafla anaweza kukuangusha na kukuburuta. Mkanda tuliufunga kifuani mwa Simba badala ya shingoni, ili asijinyonge akivuta.

Naye alivuta! Juma la kwanza ni yeye aliyetutembeza sisi. Dawa yake ni rahisi, lakini inataka uvumilivu: akivuta, tunasimama. Hatupigi, hatupigi kelele, hatumvuti nyuma. Kamba ikilegea, tunaendelea. Siku za kwanza tulitumia nusu saa kufika mwisho wa avenyu. Akitembea vizuri kando yetu, anapata kipande kidogo cha sambaza kavu. Na akitaka kunusa, tunamwacha anuse. Mbwa anasoma habari za mtaa kwa pua yake, na kunusa kunamchokesha kama mbio.

Sasa tuko juma la nne. Simba anarudi nyumbani, anakunywa maji, analala. Usiku habweki ovyo. Chukudu bado anazichukia, na tukiona moja inakuja tunahamia upande wa pili wa barabara. Yule mzee hajamwita rafiki, lakini juzi alisema: "Muendelee." Neno la sumu halisemwi tena. Nani atamlea Simba kwa siku zote, hilo bado hatujaamua.

Sasa tuseme juu ya watoto, na hapa wamama tusome vizuri. Mtoto asitembeze mbwa mwenye nguvu peke yake. Asimguse mbwa anayekula, anayelala, au mwenye watoto wadogo. Mbwa asiyemjua akimjia, asikimbie na asimkazie macho: asimame kama mti, mikono ikigusa mwili. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe na kufunika shingo na masikio. Tuwafundishe hivyo nyumbani, kama mchezo, mpaka wazoee.

Na mbwa akimuuma mtoto? Osheni kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima. Kisha mpelekeni kituo cha afya siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Msipake mafuta, majani wala majivu. Msingoje kuona kama ataugua, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa anakufa. Kabla ya dalili, chanjo inaokoa. Katika mwaka wa 1885 mama mmoja kutoka Alsace alimpeleka mwanawe Joseph Meister, mwenye miaka 9, hadi Paris kwa Louis Pasteur, baada ya mbwa kumuuma mara nyingi. Mtoto alichomwa sindano siku kwa siku, akapona. Mama yule hakungoja. Sisi pia tusingoje.

Wamama, hatusemi kila mtu afuge mbwa. Tunasema: mwenye mbwa ampe chanjo kila mwaka, ampe maji, amtembeze. Na mbwa aliyeachwa mtaani kwenu, kabla ya kutafuta sumu, muulizane kwanza: nani ana kamba, nani ana nusu saa ya asubuhi? Sumu iliyotupwa njiani haichagui. Kuku anaweza kuila, hata mtoto anaweza kuiokota.

Zamu ya Simba inahitaji wamama wawili zaidi, siku ya nne na siku ya posho. Anayetaka aje kwenye mkutano wetu, avae viatu vya kufunga, si kandambili.