Bastola ya Walker Isifyatuliwe Tena
Bastola za Colt Walker zilitengenezwa Marekani mwaka 1847, takribani 1,100 tu, kwa ajili ya vita na Mexico. Aliye na moja leo asiifyatue. Chuma chake kilikuwa dhaifu tangu kikiwa kipya: silinda zake zilishindiliwa baruti nyingi mno, na kadhaa zilipasuka mikononi mwa askari. Miaka zaidi ya 170 haijakiongezea nguvu. Itazame silinda hiyo kwa karibu: imechorwa mapigano ya wapanda farasi kwa mistari myembamba kama uzi, na kwenye bastola nyingi mistari hiyo imeshafutika. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kuleta kutu, kisha kila usafishaji hula kidogo ya mchoro uliobaki.

Wapo wanaosema silaha isiyolia ni chuma kilichokufa. Hoja hiyo naiheshimu, maana teke la bastola ya kilo 2 halisomeki kitabuni. Lakini Italia hutengenezwa nakala za Walker kwa chuma cha kisasa, zenye moshi ule ule na uzito ule ule. Mwenye hamu ya kulenga shabaha anunue hiyo.