Ruzuku ya mafunzo isiishie siku ya mahafali

Binti wa ndugu yangu ni muuguzi. Ana stashahada, ana leseni, na ana sare ambayo mamake huifua na kuipiga pasi kila mara, ijapokuwa haijavaliwa tangu alipomaliza masomo. Kila asubuhi binti huyo hufungua kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu mjini Voi, na jioni hukifunga. Huu ni mwaka wa tatu sasa. Kwao, milimani Taita, ipo zahanati yenye muuguzi mmoja tu. Muuguzi huyo augupo au aendapo likizo, mlango hufungwa, na mama mja mzito hana budi kutafuta pikipiki ya kumteremsha bondeni.

Sikusimulia kisa hiki kwa kuwa ni cha ajabu. Nimekisimulia kwa sababu naamini wasomaji wengi wa safu hii wana chao mfano wa hicho. Zahanati inamhitaji muuguzi, naye muuguzi anaihitaji zahanati. Fedha za umma zimekwisha kutumika kumfunza. Kinachokosekana ni nini?

Mgala muue na haki umpe. Serikali zetu hazikukaa kitako katika jambo hili. Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu, KMTC, ambacho mizizi yake ni ya mwaka wa 1927, kimesambaza matawi kila upande wa nchi. Katika vyuo vya ufundi, serikali ilianza mwaka wa 2018 kumlipia kila mwanafunzi shilingi 30,000 kwa mwaka, huku wahitaji wakiruhusiwa kuomba mkopo. Mwaka wa 2023 utaratibu ulibadilishwa, ufadhili na mkopo vikawa vinapimwa kwa kutazama uwezo wa jamaa za mwanafunzi. Watoto wa maskini ambao zamani wangaliishia kuchunga mbuzi leo ni mafundi wa umeme, wauguzi na wataalamu wa maabara. Hilo ni jambo la kushukuriwa.

Lakini wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ruzuku yetu huzaa, kisha ikamwacha mtoto mlangoni.

Chanzo cha tatizo hili, kwa maoni yangu, kimo katika mgawanyo wa majukumu. Katiba ya mwaka wa 2010 iliziachia serikali za kaunti zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Kwa hivyo wauguzi wengi wa umma huajiriwa na kaunti. Hata hivyo, KMTC imebaki mikononi mwa serikali kuu. Anayefunza si yule anayeajiri. Mmoja huhesabu waliohitimu na kujipongeza. Mwingine hutazama mkoba wake na kutikisa kichwa. Baina yao amesimama kijana mwenye cheti.

Tuliyaona matunda ya mvutano wa namna hii mwaka wa 2024, madaktari walipogoma kwa siku 56. Mojawapo ya mambo makuu yaliyozozaniwa ni kupelekwa kazini na malipo ya madaktari wanagenzi, yaani vijana ambao taifa lilikwisha kugharimia masomo yao kwa miaka mingi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Zipo sauti zitakazosema kwamba kaunti hazina fedha. Ni kweli kwamba kanuni za mwaka wa 2015 za usimamizi wa fedha zinazitaka kaunti zisitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yao kulipa mishahara. Silipuuzi jambo hilo. Lakini muuguzi asiyeajiriwa si akiba. Ujuzi wake hufifia, leseni yake hudai ada, na mkopo alioupata humdai pia, kwa maana sheria ya mwaka wa 1995 ya bodi ya mikopo inataka ulipaji uanze katika muda wa mwaka mmoja baada ya masomo. Atalipa kwa mshahara upi?

Wengine hutuelekeza ng'ambo. Mwezi wa Julai 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kuwapeleka wauguzi wasio na kazi huko. Simwonei kijicho yeyote aliyepanda ndege kwenda kujitafutia riziki. Hata hivyo, taifa linalowafunza wauguzi kwa kodi ya wachuuzi wake, kisha likawakabidhi kwa taifa tajiri ilhali zahanati zake zimefungwa, limejigeuza kitalu cha miche ya kupandwa katika shamba la jirani.

Tufanyeje, basi? Kwanza, pasiweko nafasi ya mafunzo ya afya inayolipiwa na umma kabla ya serikali kuu na kaunti kukaa pamoja na kuafikiana: wauguzi wangapi, wa kwenda wapi, mwaka gani.

Pili, ruzuku ivuke lango la chuo. Sehemu yake igharimie mshahara wa mwaka wa kwanza au wa pili kazini, serikali mbili zikigawana mzigo. Wala hii si ndoto. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipozinduliwa Septemba 2023, ilikubaliwa kwamba posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi ilipwe nusu na serikali kuu, nusu na kaunti. Ikiwa waliweza kuafikiana kuhusu mhamasishaji, watashindwaje kuhusu muuguzi?

Tatu, anayenufaika na ruzuku hiyo afungwe kwa mkataba wa kuhudumu mashambani kwa muda maalumu. Lakini mkataba uwafunge wote wawili: asipopewa kazi, mkopo usianze kudaiwa mpaka apate mshahara wake wa kwanza.

Viwanda navyo vina funzo la kutupa. Waajiri nchini hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo, fedha zinazosimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, na mwajiri anayewapeleka watu wake kusoma aweza kudai kurudishiwa gharama. Utaratibu huo una kasoro zake, lakini una hekima moja: anayehitaji ujuzi ndiye anayeshiriki kuulipia, na anayefunzwa tayari ana mahali pa kurudi. Fedha za kuwafunza vijana kwa viwanda vinavyokua, viwe vya nguo au vya umeme wa jua, zifuate njia iyo hiyo. Mwajiri aketi mezani tangu siku ya kwanza, asialikwe kwenye mahafali tu kupiga makofi.

Juma lililopita nilimpigia simu binti wa ndugu yangu. Aliniambia kwamba mama mmoja alifika kibandani kutoa pesa akiwa na mtoto mwenye homa kali, naye akamweleza la kufanya na akamhimiza aende hospitali mara moja. "Baba mdogo," akasema, "ndiyo kazi pekee niliyoifanya mwaka huu."

Tulimfunza sisi, kwa kodi zetu. Ni juu yetu sasa kudai arudishwe mahali tulipokusudia afike.