Sauti Isiyo Neno Si Sauti Isiyo Maana

Wako wasomi wapimao wimbo kama karani apimavyo barua. Huandika maneno yake juu ya karatasi, huhesabu mawazo yaliyomo, kisha hutoa hukumu. Kwa mizani hiyo rege ya Jamaika imegawanywa mafungu mawili: fungu la Bob Marley, lisifiwalo kwa hekima, na fungu la kumbi za dansi, lisemwalo kuwa ni kelele zilizozuka baada ya kifo chake mwaka 1981. Hukumu hii ina kosa la tarehe na kosa la sikio, na yote mawili hudhihirika katika santuri za kwanza za Barrington Levy.

Kosa la tarehe ni jepesi kusahihisha. Levy alizaliwa mwaka 1964. Santuri zake Bounty Hunter na Englishman zilitoka mwaka 1979, na Robin Hood ikafuata mwaka 1980. Katika miaka hiyo hiyo Marley alitoa Survival na Uprising. Basi kijana yule hakungoja jeneza la mkubwa wake ndipo aimbe. Wote wawili walikuwa kazini, kila mmoja na wasikilizaji wake. Waafrika wana haki ya kuipenda Survival, kwa kuwa iliinena Afrika, na mwaka 1980 mwimbaji wake alifika Zimbabwe kuimba katika sherehe za uhuru. Walakini kupenda kimoja si hoja ya kudharau cha pili.

Kosa la sikio ni kubwa zaidi. Washitaki husema kwamba maneno ya Levy ni machache, kwamba huijaza nafasi iliyobaki kwa silabi zisizo katika kamusi yoyote, na kwamba midundo yake ni ya kuazima. Madai haya matatu yana ukweli. Kilicho batili ni hukumu itolewayo kwayo.

Kwanza, mdundo. Mtayarishaji wake, Henry “Junjo” Lawes, aliwatumia wapigaji wa Roots Radics. Hawa walikuwa wakiichukua midundo ya zamani, mingi yake ya Studio One, na kuipiga upya polepole, kwa besi nzito na ngoma chache, wakiacha uwazi baina ya pigo na pigo. Kwa desturi ya Jamaika mdundo mmoja hutumiwa na waimbaji wengi. Upande wa pili wa santuri ulibeba mdundo mtupu, ili mwimbaji au mghani apate kuweka sauti yake juu yake mbele ya watu. Mahali ambapo ala ni mali ya wote, mwimbaji hana shamba lake ila koo lake. Kumlaumu kwa mdundo wa kuazima ni sawa na kumlaumu malenga kwa kutunga katika bahari asiyoibuni.

Pili, silabi. Sauti ya Levy ni ya juu, nyembamba na angavu. Huivuta irabu, huivunja, huirusha juu, kisha huirudisha mahali pake, mfano wa wachunga waitanao toka kilima hadi kilima. Milio hiyo haikutupwa ovyo. Huja mwanzoni mwa wimbo, na huja mwishoni mwa mstari, penye ule uwazi ulioachwa na ngoma, pale neno limekwisha na hisia haijesha. Katika dansi za Kingston, penye vipaza sauti vikubwa na umati wa watu, mlio mmoja ulitosha kuwajulisha watu nani ameshika maikrofoni. Kufikia santuri Here I Come ya mwaka 1985, iliyotayarishwa na Paul “Jah Screw” Love, lililokuwa pambo limekuwa nguzo: mlio huo ndio mlango wa wimbo wenyewe uliobeba jina la santuri.

Haipasi kukanusha kwamba baadhi ya nyimbo zake ni nyepesi kwa maneno. Ziko zisifuzo bangi, na ziko zinung’unikazo juu ya wasichana. Wala si kila aliyemwiga alijua la kufanya kwa mlio. Sauti ikikosa nidhamu huwa kelele kweli. Lakini shauri hilo hukatwa kwa sikio, haliwezi kukatwa kwa karatasi.

Na katika jambo hili msomi wa Kiswahili ndiye mwenye udhuru mdogo kuliko wote. Shairi na utenzi vilitungwa viimbwe, na mahadhi ni sehemu ya utungo. Mwalimu afundishaye hayo darasani asubuhi hawezi jioni kumhukumu Levy kwa maneno yaliyonakiliwa. Insha ihukumuyo wimbo ambao mwandishi wake hakuusikiliza haistahili alama, awe ni mwanafunzi au profesa.